Laini ya Tatu

Ukipoteza pesa, watu hukupa pole. Ukipoteza kitambulisho hukuambia, "Si utachukua kingine?" Kisha mazungumzo yanarudi kwenye mpira. Nami niliambiwa hivyohivyo kijiweni kwetu Temeke, siku pochi yangu ilipochomolewa ndani ya daladala la Mbagala. Mlikuwa na shilingi elfu saba, kadi ya benki, kitambulisho cha taifa na risiti ya fundi cherehani yenye namba yangu ya simu. Washikaji wakapiga hesabu ya hasara: elfu saba na suruali. Jina hawakulihesabu.

Ndugu msomaji, kuna kitu wengi tunakibeba bila kukisoma. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyeipata kadi yako hahitaji kuwa mganga ili ajue umri wako. Na wewe ambaye namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa (mpo wengi, msinifiche), umemwachia mlango wazi. Tena ukipewa kadi mpya, namba ni ileile. Kadi hubadilishwa, namba unazikwa nayo.

Siku ya pili simu ikalia. Sauti ya upole, Kiswahili kimenyooka. Akanitajia majina yangu matatu na tarehe ya kuzaliwa, akasema anapiga kutoka kampuni ya simu, anataka kunisaidia laini yangu isije ikatumiwa vibaya. "Kaka, kuna meseji inaingia sasa hivi. Nisomee tarakimu zilizomo." Kweli, ikaingia. Mama mkubwa alikuwa kando yangu akichambua mchicha. Hata uso hakuinua. "Mwanangu, anayekujua hivyo anakuuliza nini tena?" Nikakata simu.

Maneno yale ndiyo kanuni nzima. Anayekutajia habari zako hajathibitisha kwamba yeye ni nani. Amethibitisha tu kwamba habari zako anazo. Zile tarakimu ni ufunguo, na mtu mwema haombi ufunguo wa nyumba ya mwenzake kwa simu.

Basi nikaingia mguu njia. Benki, kadi ikafungwa. Polisi, nikachukua taarifa ya upotevu. Vijana tunaiona karatasi ile kuwa ni ya kuombea kitambulisho kipya tu. Sivyo. Ina tarehe. Mtu akitapeli kwa jina lako mwezi ujao, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako kwamba tangu siku fulani uliripoti kuwa kadi huna. Toa nakala, uitunze. Kisha nikabadili namba ya siri ya pesa za simu. Mwisho nikabonyeza *106#, nione laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA.

Hapo nikakaa chini. Laini mbili nazijua. Ya tatu siijui.

Dukani, dada wa kaunta akaniambia ilisajiliwa miezi saba kabla pochi haijaibiwa. Miezi saba! Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tangu hapo kadi peke yake haitoshi, kidole kinatakiwa. Kwa hiyo mwizi wa daladala hakuhusika. Ila mjini kuna mchezo unaojulikana: wakala chini ya mwavuli anakuambia mtandao unasumbua, weka tena, weka tena. Wewe unadhani mnarudia, kumbe yeye anasajili laini nyingine. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwangu, lakini njia nyingine siioni.

Nikaweka kidole, laini ikafungwa. Usingizi lakini ulikataa. Zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" tulizokuwa tukizichekea kijiweni, huenda nyingine zilitoka kwangu. Anayetuma pesa huonyeshwa jina la mwenye laini. Huenda yuko mzazi aliyetuma ada ya mwanawe, akalisoma jina langu, na mpaka leo analilaani. Jina lenyewe ni la babu yangu, ambaye hakuwahi kudaiwa hata kibiriti dukani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Namba 15040 ya kuripotia meseji za matapeli tunayo pia. Ni mambo mema. Lakini hakuna sheria itakayoijua laini usiyoijua mpaka wewe mwenyewe uitafute.

Sisi tunaoandika tunahangaika jina litokee ukurasani. Likikosewa herufi moja, tunamwandama mhariri wiki nzima. Tulifuatilie vivyo hivyo huko tusikoliona. Bonyeza leo, hata kama pochi yako bado iko mfukoni.