Glaida za Wanafunzi na Hewa ya Kitale na Bungoma

Manati ni chombo chenye sifa mbaya shuleni. Kimevunja vioo, kimewatoa njiwa roho, na mwanafunzi akionekana nacho mfukoni hunyang'anywa bila maneno mengi. Lakini mpira ule ule urushao jiwe waweza pia kuipandisha angani glaida, yaani eropleni ndogo isiyokuwa na injini, nayo ikiisha kufika juu hushuka polepole kwa mabawa yake yenyewe. Huko Marekani wanafunzi hushindana kwa glaida za namna hii ndani ya majumba ya michezo, na mshindi si yule ambaye ndege yake imekwenda mbali, ila yule ambaye ndege yake imekaa angani muda mrefu. Hapana sababu shule za Kitale na Bungoma zisipambane vivyo hivyo uwanjani. Vifaa vyake viko karibu.

Wako wasemao kwamba huo ni mchezo wa watoto. Ni kweli, lakini mchezo huo una ukoo mkubwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1871 kijana wa Kifaransa aliyeitwa Alphonse Pénaud, mwenye umri wa miaka 21, alirusha katika bustani moja ya Paris eropleni ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, nayo ikaenda karibu meta 55 kwa sekunde 11. Miaka saba baadaye mzee mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe wawili mchezo wa kurukaruka, wenye mpira uliosokotwa kwa namna ya huyo Pénaud. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville Wright. Walipokuja kuruka wao wenyewe kwa injini, tarehe 17 Desemba 1903, safari yao ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12 na meta 37 tu. Kwa umbali, hata mpira wa Pénaud ulikuwa umewashinda!

Glaida ya manati ni nyepesi zaidi kuunda kuliko ile ya Pénaud, kwa kuwa haina rafadha. Mafundi wa ng'ambo hutumia mti wa balsa, utokao Amerika ya Kusini. Mwanafunzi wa huku asihangaike nao. Katika nyua za mkonge hapakosi mlingoti mkavu, kwa kuwa mkonge huchipua mlingoti mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa. Mlingoti huo ukikauka, ndani yake huwa mwepesi ajabu. Hupasuliwa bapa, hukatwa kwa wembe na kusuguliwa kwa msasa mpaka ubaki bawa la upana wa sentimeta 6 na urefu wa sentimeta 30 toka ncha hata ncha. Mabawa hukunjwa katikati na ncha zake huinuliwa kidogo, mfano wa mikono ya mtu aombaye dua, ili ndege ikiinama upande mmoja irudi sawa yenyewe. Mwili ni kijiti cha mwanzi, na mkia ni karatasi ngumu ya boksi. Chini ya pua hukatwa pengo dogo la kushika mpira, na pua yenyewe huvishwa kipande cha mpira laini, kwa sababu kitu kiendacho kwa kasi namna ile chaweza kumtoa mtu jicho.

Kuhusu mpira, wengi hukimbilia tyubu ya baiskeli. Tyubu nyingi za siku hizi ni za mpira wa kutengenezwa viwandani, ambao huhifadhi upepo vizuri lakini ukivutwa hurudi kwa uvivu. Vile vipira vyembamba ambavyo makarani hufungia karatasi ofisini, vikiungwa vinne au vitano, hurudi kwa haraka zaidi. Visiachwe juani, maana jua huvila.

Ndege ikiisha kukauka gundi, kazi ndiyo kwanza imeanza. Husawazishwa juu ya vidole viwili, na nta ya nyuki hubandikwa puani mpaka itulie mahali palipo karibu theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Kisha hurushwa kwa mkono tu juu ya nyasi. Ikipanda, ikasimama, ikaanguka, ikapanda tena kama mtu apandaye ngazi, pua ni nyepesi: nta iongezwe. Ikizama moja kwa moja, nta ipunguzwe. Mwanafunzi asiye na subira huruka hatua hii akaenda moja kwa moja kwenye mpira, na ndege yake huvunjika siku ile ile.

Hapa ndipo nguvu humdanganya mtu. Mpira ukivutwa mara mbili ya urefu wa kwanza, nguvu inayowekwa ndani yake yakaribia kuwa mara nne. Na ndege ikienda kwa mwendo maradufu, nguvu ya hewa ya kuyainua mabawa nayo huwa mara nne. Basi ndege irushwayo kwa nguvu zote, mabawa yakiwa sawasawa, hupinda kuelekea juu, hupiga duara, na hurudi kichwa chini mpaka kwenye udongo. Dawa yake ni kuilaza ubavu wakati wa kuirusha, ipande kwa kuzunguka kama mwewe.

Mfano ni wa mwanafunzi wa Kitale aliyezoea uwanja wa shule yake, ulio juu ya bahari kwa meta 1,900 hivi, kisha akaalikwa kushindana Bungoma, palipo chini zaidi kwa karibu meta 500. Ana glaida moja tu na siku moja tu. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 17 katika 100. Ya Bungoma kwa karibu sehemu 13. Kwa hiyo Bungoma ndege ile ile itashuka polepole zaidi kidogo, na katika kuruka kwa sekunde 20 yaweza kuongeza nusu sekunde. Hiyo ni faida. Lakini hewa nzito hukaza mzunguko pia: ndege iliyokuwa ikiponea chupuchupu kupiga duara Kitale, Bungoma italipiga. Aliyeandika katika daftari sentimeta alizovuta mpira, uzito wa nta na sekunde alizopata, atajua aanzie wapi kupunguza. Asiyeandika atabaki kukisia mbele ya watu, na kila kisio moja laweza kuwa la mwisho.

Ni hapo ambapo mzazi aulizaye kama glaida italipa karo hupata jibu, japo si la fedha. Kijana aliyekaa mezani usiku na wembe na rula amepima, amegawanya, amepata wastani, na ameona kwa macho yake hesabu ikivunjika kijiti au ikiruka. Kuna mzazi mwingine aliye hatari zaidi kuliko huyo mwenye kunung'unika, naye ni yule mwenye mapenzi mengi, amwambiaye mtoto, "Leta hapa mwanangu, nikutengenezee." Mabawa hutoka mazuri kuliko ya wote. Lakini nta ikidondoka njiani katika matatu, mtoto hajui ilikuwa kiasi gani wala kwa nini iliwekwa, na baba hayupo.

Asubuhi ndiyo saa ya kurusha, kabla upepo haujaamka na kabla mawingu ya Mlima Elgon hayajashuka. Jua likiisha kupasha ardhi moto, hewa huanza kupanda, na glaida nyepesi ikiingia ndani ya hewa hiyo haishuki tena uwanjani. Huvuka ua, na huko Kitale hutua katika mahindi, huko Bungoma katika miwa. Kwa hiyo jina la shule huandikwa bawani kwa wino usiofutika, na mwenye shamba huombwa ruhusa mapema. Iliyoangukia mahindi yaweza kuonekana wakati wa mavuno. Iliyoangukia miwa yaweza kungoja mwaka na zaidi.