Penye Soko la Mkunazini

Tukitoka forodhani Unguja na kupita vichochoro vya Mji Mkongwe, twafika Mkunazini, lilipo Kanisa la Kristo. Hapa palikuwa na soko la watumwa, hata Seyyid Barghash alipolifunga mwaka 1873. Na mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Karibu na altare mna mviringo wa marumaru sakafuni: husemwa ndipo uliposimama mti wa kuwafungia watumwa wapigwe.

Wanunuzi walitazama meno na mikono, dalali akataja bei. Mdhaifu akauzwa rahisi. Cecil Majaliwa, Myao, alitwaliwa utumwani utotoni. Akaokolewa, akasoma Kiungani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika misheni iliyojenga kanisa hili.

Je, thamani yake ilianza siku ile? Hasha! Rehema ya Mungu haikumwongezea bei, ilimwita mwana. Nasi, tukidharauliwa kwa umaskini au ukoo, hata mioyo yetu ikijidharau, tukumbuke: aliyetununua hakutoa fedha, alimtoa Mwanawe, wala hatatuuza kamwe.