Mabinti Watano Mbele ya Musa

Bukoba

Mwanangu Kokubanza,

Huku sisi wazima, mvua zimeanza vizuri na maharage tumeshapanda. Mama yako anaendelea, ila usingizi haujamrudia tangu tumzike baba yenu, kaka yangu. Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi baada ya Pasaka, na ajenda ni ileile mliyoihofia: kibanja cha baba yenu. Wosia upo, lakini wapo wazee wanaosema binti ni wa kuolewa, kibanja kibaki kwa wanaume.

Kanisani mmelelewa na yule mke mwema wa Mithali 31, anayeamka kabla ya kucha. Simkatai. Naye alikagua shamba akalinunua, ingawa harusini mstari huo hawauhubiri sana. Ila kwa jambo hili nataka msome Hesabu 27, habari za Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi.

Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Hawakwenda kunong'ona pembeni. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Kwanza walisafisha jina la baba yao: hakuwamo katika uasi wa Kora. Kisha wakauliza kwa nini jina lake lifutike katika ukoo kwa kukosa mwana, wakadai wapewe wao urithi wake. Hapo ndipo werevu wao ulipo, mama. Hawakuomba huruma. Waliwabana wazee kwa kitu ambacho wazee wenyewe wanakithamini, jina la marehemu. Musa hakujiamulia, akalipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likaja kwamba mabinti wamesema haki. Ikawa sheria kwa Israeli yote.

Msiishie hapo. Sura ya 36 wanaume wa ukoo walirudi kulalamika kwamba ardhi itahamia kabila lingine, mabinti wakapewa sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Sharti hilo halinipendezi, lakini limo, sikufichi. Na katika Yoshua 17, Musa keshakufa, wanasimama tena mbele ya Eleazari na Yoshua kukumbusha agizo. Ndipo wakapewa ardhi.

Mimi nilipofiwa na mume wangu, shemeji zangu waliniambia nibebe vyombo vya jikoni nirudi kwetu. Nilikusanya cheti cha ndoa, karatasi za mauziano na majirani tuliopakana nao, nikasimama kikaoni, kisha kwenye baraza la kata. Niliitwa mchawi na mpenda mali. Nyumba ninamokuandikia ndiyo hiyohiyo.

Ninyi hata sheria mnayo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Muleba, hapa jirani, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake kisha akaliuza. Alisema mila inayomzuia mwanamke kufanya anachoruhusiwa mwanamume inapingana na Katiba. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi.

Namna ya kusema, jifunzeni kwa Abigaili. Daudi, akiwa amemkasirikia Nabali, mume wa Abigaili, alikuja na wanaume 400 wenye panga. Abigaili akapakia punda mikate 200, divai na kondoo waliokwisha kuandaliwa, akamwendea njiani na kumtuliza kwa maneno ya adabu. Nabali alikuwa amelewa usiku ule, naye Abigaili hakumwambia neno mpaka asubuhi. Baba yenu mdogo mnamjua: akishalewa rubisi haambiwi kitu. Mwendeeni mapema.

Njooni wote watatu, asibaki mtu Dar es Salaam kwa kisingizio cha kazi. Utasema wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa, na wadogo zako wakae kando yako. Muhtasari uandikwe na kutiwa sahihi palepale, msiondoke kabla, kisha twende ofisi ya kijiji kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Nakala ya wosia ninayo. Nauli nimewatumia kwa simu, kateni tiketi za Jumatano.

Shangazi yako akupendaye