Ambreyaji ya Subaru yenye turbo kwa vilima vya Lubero

Tangu Kanyabayonga ianguke mwishoni mwa Juni 2024, swali ninaloulizwa kila siku hapa Butembo ni lile lile: barabara ya taifa nambari 2 inapitika? Mdogo wangu ana Subaru Forester ya turbo, na gari hiyo imeleta jamaa zetu wengi kutoka upande wa Lubero. Ndiyo maana leo naandika juu ya ambreyaji, ile wanaonunua vipuri Kampala wanaita klachi. Gari ikikataa kupanda mlima na mama mjamzito yuko ndani, ambreyaji nayo ni habari.

Forester hiyo ni ya lita 2.0, ilitoka kiwandani Japani na nguvu farasi 250. Aliyekuwa nayo zamani alipandisha presha ya turbo. Ugonjwa wake ulikuwa wazi: gia ya nne, mlimani, ukikanyaga mafuta mshale wa mizunguko unapanda lakini mwendo hauongezeki, halafu harufu ya kuungua inaingia ndani.

Fundi alianza kwa kuangalia kama mafuta ya injini yanavuja nyuma. Alifanya vizuri, maana diski mpya ikilowa mafuta itateleza kama ya zamani. Palikuwa pakavu. Diski ilikuwa imeshindwa tu.

Vijana wanapenda kuhesabu farasi, lakini kinachoshinda ambreyaji ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Turbo inaileta kwa ghafla, katikati ya mizunguko. Kinachoishika ni vitu vitatu: ukali wa sahani inayobana diski, upana wa diski, na kitambaa chake kimetengenezwa na nini.

Muuzaji alimsifia mdogo wangu diski ya vipande vya seramiki, isiyo na springi katikati. Ni kweli inashika sana, na haiogopi joto. Lakini hiyo inashika yote au inaachia yote. Butembo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabla turbo haijaamka injini ni dhaifu. Ukitaka kuondoka mlimani na watu sita (ndiyo, sita, tusidanganyane), lazima uiache diski iteleze kidogo. Seramiki inaruka-ruka, inazima injini, inakula volani. Tena sanduku la gia tano la Subaru linajulikana kwa kuvunja meno. Ambreyaji isiyoteleza hata kidogo inalipelekea pigo lote.

Kulikuwa pia na wazo la kubakiza diski ya kawaida na kuweka sahani kali sana. Pedali inakuwa nzito kama jiwe, na kila ukikanyaga, nguvu hiyo inasukuma mti wa injini na kuchosha beringi zake. Kwa mtu anayesimama kwenye vizuizi kila baada ya kilomita chache, mimi nilikataa.

Tulichukua diski ya kitambaa cha kawaida, ya ubora wa juu, yenye springi, na sahani kali kidogo kuliko ya kiwandani. Mtengenezaji anaandika kwamba inabeba niutoni-mita 420. Injini, kwa hesabu ya fundi, inatoa kama 350. Nafasi hiyo inatosha. Ubaya wake ni kwamba ukiichoma mara moja kwa ujinga, uso wake unakuwa kama kioo na haishiki tena vizuri.

Volani ilisawazishwa, na nilipinga kuipunguza uzito: volani nzito inasaidia kuondoka taratibu. Beringi ya kuachia tulibadilisha pia. Ni ya bei ndogo, na kazi kubwa ni kushusha sanduku la gia; nani anataka kulishusha mara mbili?

Sasa inazoeshwa: kilomita 800 bila kuita turbo, bila mizigo mizito, kuondoka polepole. Jana ilikuwa imefika 610. Mama mmoja aliyekimbia makwao alikuja kuomba asafirishwe na mifuko minne ya maharagwe. Mdogo wangu akamjibu: «Miwili, mama. Ile mingine wiki ijayo.»