Skrini Zilizonenepesha Watu

Duka la steshenari nilimokuwa nikifanya kazi Morogoro lilikuwa na kompyuta za mitumba. Tuliziwekea Ubuntu 10.04, kwa kuwa haikudai leseni ya kulipia na virusi vya flashi za wateja havikuitisha. Tatizo likawa skrini. Zilikuwa pana, za inchi 19, zilizoundwa kwa nukta 1440 kwa 900, lakini kompyuta zilizipelekea 1024 kwa 768. Picha ikavutika pembeni: duara likawa yai, herufi zikavimba. Dada mmoja aliyefuata kadi za mchango wa harusi aliitazama picha yake akasema, "Kaka, mbona umeninenepesha hata sijaolewa?"

Fundi alishauri tununue kadi mpya za video. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuchapa ripoti yake akacheka, akashika kebo ya VGA. Skrini, alinieleza, hujitambulisha kwa kompyuta kwa taarifa ya baiti 128 iitwayo EDID, inayopita kwenye nyaya zake maalumu ndani ya kebo. Kebo zetu za bei poa hazikuwa na nyaya hizo. Kompyuta ikikosa taarifa, huchagua kipimo kidogo kisicho na hatari.

Akafungua terminali, akaandika `cvt 1440 900`. Ukatoka mstari wa namba, ya kwanza baada ya jina la kipimo ikiwa 106.50: nukta milioni 106.5 kwa sekunde. Gawanya kwa 1904 mara 934, yaani upana na kimo pamoja na nafasi tupu za pembeni, unapata karibu picha 60 kwa sekunde. Kumbe zile namba zilikuwa hesabu ya darasani!

Kilichobaki kilikuwa kazi ya `xrandr`: `--newmode` kuutambulisha mstari ule, `--addmode` kuukabidhi kwa tundu la skrini liitwalo VGA-1, kisha `--output` kuuwasha. Skrini ikazima kidogo, ikarudi, na yule bi harusi akapata umbo lake.

Ukizima kompyuta, mambo yalirudi kulekule. Nikaziandika amri zile tatu kwenye faili chini ya `#!/bin/sh`, nikaipa ruhusa kwa `chmod +x`, nikaiweka kwenye programu zinazoanza zenyewe mtu akiingia.

Kijana aliyeshika nafasi yangu baadaye aliletewa skrini ya 1280 kwa 1024. Hakunipigia simu. Aliifungua faili, akaisoma, akaendesha `cvt` upya na kubadilisha namba. Kadi ya video tungeweza kuinunua tu. Skripti ile aliweza kuielewa.