Sindano ya Kadogo

Kadogo ni mbwa wetu jike, nyumbani Mukono, Uganda. Kila alipopata joto, madume ya mtaa mzima yalilala langoni petu yakipigana usiku kucha. Alipozaa mara ya pili, watoto sita tukakosa pa kuwapeleka. Mama akaniambia, "Mwanangu, si unasomea udaktari wa mifugo? Tafuta dawa."

Nilikuwa mwaka wa kwanza, sijui kitu. Nikanunua sindano ileile ya miezi mitatu ambayo wanawake hutumia kupanga uzazi. Jirani mmoja anayetibu ng'ombe akamchoma. Kadogo alikuwa bado yuko kwenye joto, na hilo ndilo lilikuwa kosa baya zaidi.

Baada ya wiki chache alianza kunywa maji mengi mno. Akaacha kula, tumbo likajaa. Mama alidhani ana mimba, akaicheka sindano yangu. Daktari alipompasua, mfuko wa uzazi ulitoka mnene kama utumbo uliojazwa, na ndani ni usaha mtupu. Mama aliuza mbuzi wake ili kulipa gharama.

Mwaka wa pili nikafundishwa sababu. Mwanamke asiposhika mimba, projesteroni hushuka baada ya wiki mbili hivi, hedhi ikaja. Mbwa, awe na mimba au asiwe nayo, hubaki na homoni hiyo kama miezi miwili baada ya kila joto. Homoni hiyo hukuza tezi za ukuta wa kizazi zikatoa majimaji, hufunga mlango wake, hutuliza misuli isijikamue na hupunguza kinga. Bakteria waliopanda juu mlango ulipokuwa wazi wakati wa joto hukuta chakula tele, wala hakuna wa kuwatoa. Sisi tuliongeza dawa inayofanya kazi kama projesteroni juu ya hali hiyo, tena ya miezi mitatu.

Jambo moja lilinikera nilipolisoma. Mwaka 1978 Marekani ilikataa kuidhinisha sindano hii kwa uzazi wa mpango wa wanawake, na sababu mojawapo ilikuwa uvimbe wa matiti ulioonekana kwa mbwa wa majaribio. Iliidhinishwa mwaka 1992. Mbwa ndio waliotutahadharisha, nasi tukawachoma haohao.

Kadogo alipona. Lakini likizo iliyopita nilimkuta mama akimweleza mama wa jirani, ambaye mbwa wake alikuwa kwenye joto, aende kununua sindano kama ile. "Yetu hakuzaa tena," alisema kwa furaha.

Jirani alipoondoka nikamweleza mama yote. Alinyamaza kidogo.

"Mbona daktari hakutuambia?"

"Aliniambia mimi, mama. Siku ileile."

Hakunijibu. Alivaa kandambili, akatoka kumfuata jirani yake.