Safari Isiyo na Anwani

Wiki hii twende Madagaska, ila tiketi usikate. Mwenyeji wetu ni ua, na kwake pamefichwa.

Linaitwa Solenangis impraedicta. Ni okidi inayoota juu ya matawi ya miti bila kuunyonya mti. Mpangaji tu, tena asiyelipa kodi. Wataalamu walilitangaza mwaka 2024. Lenyewe ni jeupe, upana sentimita 2 hivi, kifungo cha koti hicho! Lakini nyuma linaning'iniza mrija mwembamba wa sentimita 33. Chukua rula yako ya shule, haifiki. Hakuna mmea mwingine unaojulikana wenye mrija mrefu hivyo ukilinganisha na udogo wa ua.

Utamu uko huko chini kabisa, na wa kuufikia ni nondo wa usiku mwenye ulimi mrefu ajabu. Mwaka 1862 Mzee Charles Darwin aliiona okidi nyingine ya kisiwa hicho akabashiri kwamba lazima nondo huyo yupo. Alikuja kutangazwa 1903, Mzee keshafariki miaka 21. Hili la sasa hakuna aliyelibashiri, ndiyo maana ya jina lake.

Kwa nini pafichwe? Wezi, bwana. Wapo wanaong'oa okidi msituni wakaziuze. Na machimbo ya madini nayo yanatishia msitu wake.

Mimi kazi yangu ni kuwaelekeza watu pa kwenda. Ila safari hii ukinikuta kijiweni usiniulize ni msitu gani. Sijui, na ningejua nisingekwambia.